Sensa za joto la ekzosi kwa ndege za kujiundia: ipi ununue, na ikianza kudanganya uanzie wapi

Kwa injini ya silinda nne isiyo na tabochaja, chukua probu ya klempu ya aina K yenye ala (ganda la nje) ya Inconel, aloi ya nikeli inayostahimili joto, kipenyo milimita 3.2, kiungo chake kikiwa kimegusana na ala, pamoja na waya ya kurefushia ya aina K hiyo hiyo. Huo ndio uamuzi wa uhakiki huu. Yanayofuata yanaeleza kwa nini nyingine mbili zimepata alama za chini, na kwa nini probu nyingi zinazotupwa zikiitwa mbovu huwa bado nzima. Kinachokufa mara nyingi ni kiunganishi kilicho sentimita chache nyuma yake.

Tunapima aina, si chapa. Probu hizi hutoka kwa watengenezaji wengi, na zikitolewa kwenye vifungashio vyake hata fundi mzoefu hupata taabu kuzitofautisha. Tofauti zenye maana ziko katika namna inavyoshikwa kwenye bomba, jinsi ncha ilivyofungwa, na urefu wa mkia wa waya unaotoka nyuma.

Kwanza jambo moja la msingi, maana bila hilo utafutaji wa hitilafu unakuwa wa kubahatisha. Ndani ya ala mna waya mbili za metali tofauti, kromeli upande chanya na alumeli upande hasi, zilizounganishwa nchani. Hiyo ni thamokapo. Haihitaji umeme wa kuiwasha. Yenyewe huzalisha volti ndogo mno, takriban milivolti 0.041 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Kiungo baridi, yaani mwisho wa waya upande wa geji, kikiwa kwenye 0°C, jedwali la aina K linasema milivolti 4.10 kwa 100°C, 20.64 kwa 500°C, 29.13 kwa 700°C na 33.28 kwa 800°C. Shika hili: volti hiyo inatokana na tofauti ya joto kati ya ncha na mahali waya za aina K zinapoishia. Geji hupima joto la terminali zake yenyewe, kisha hujumlisha. Karibu kila uongo utakaouona kwenye kioo unatoka hapo, kwa sababu waya za aina K zimeishia mahali ambapo geji haipajui.

Probu ya klempu

Ni mkanda wa chuma cha pua unaozunguka bomba, na ncha inapenya kwenye tundu dogo. Uzuri wake ni kwamba bomba halihitaji kulehemewa, na probu inatoka kwa bisibisi moja. Ikiharibika, nyingine inaingia kabla injini haijapoa vizuri. Kwa ndege ya kujiundia, ambayo mwenye nayo ndiye fundi wake, hilo si jambo dogo.

Udhaifu wake ni mkanda wenyewe. Bomba likipata moto hutanuka, mkanda huvutika, na injini ikipoa unabaki umelegea. Baada ya saa za mwanzo za kuruka lazima ukazwe tena, kisha uangaliwe kila unapobadilisha oili. Dalili ya mkanda uliolegea huonekana kwa macho: doa la kijivu au jeupe linalotoka tunduni na kufuata mkondo wa hewa kwenye bomba. Ukiliona, gesi inavuja, na probu hiyo pengine inatikisika ndani ya tundu ikijikata polepole.

Tundu lenyewe ndilo linaloharibiwa zaidi wakati wa kufunga. Kwa ncha ya milimita 3.2 toboa kwa keekee inayozidi kidogo tu; tundu likiwa pana, mkanda hauwezi kuliziba. Pima umbali uleule kutoka kwenye flenji kwa kila silinda. Kwenye injini za Lycoming na Continental watu wengi hutumia sentimita 5 hadi 10, na probu zote ziwe zimetofautiana kwa milimita chache tu. Kwa Rotax za mipigo miwili, kama 503 na 582, kipimo kinachotumika ni milimita 100 kutoka kwenye sketi ya pistoni. Usitoboe juu ya mshono wa kulehemu, wala kwenye kona kali, wala karibu na mahali mabomba mawili yanapoingiliana, kwa kuwa hewa ya nje huweza kuvutwa hapo na kupoza ncha. Ncha ifike katikati ya bomba au karibu na hapo. Ikiishia pembeni itapima ukuta wa bomba zaidi ya gesi.

Kabla ya kutoboa, ona kichwa cha skrubu ya mkanda kitaelekea wapi. Kuna watu wamefunga probu nne vizuri kabisa, kisha wakagundua skrubu mbili zimegeukia injini na hazifikiki bila kushusha ekzosi nzima. Mkia wa mkanda nao ukatwe na kukunjwa, kwani ni makali na hukata waya ya plagi iliyo jirani.

Probu ya kuzungusha kwenye kishikio kilicholehemewa

Hapa kishikio chenye nyuzi kinalehemewa kwenye bomba, na probu inafungwa kwa nati. Ni imara, haivuji, haizunguki, na ndiyo tungeipendekeza kwa injini yenye tabochaja. Sababu ni moja na haina mjadala: ncha ya probu ikikatika mbele ya tabochaja, inaelekea moja kwa moja kwenye tabo inayozunguka kwa kasi kubwa. Ukiwa na injini ya namna hiyo, kila unapokagua toa probu uangalie kama ala imeliwa au ina ufa, na ibadilishe ukiwa na shaka, hata kama inasoma sawasawa.

Kwa injini ya kawaida, hata hivyo, gharama ya kulehemu hailipi. Bomba la chuma cha pua jembamba linapolehemewa bila kujazwa gesi ya agoni ndani, upande wa ndani hufanya magamba, na ufa huanzia hapo hapo. Nyuzi nazo hugandamana baada ya mamia ya saa. Tumia grisi ya kuzuia kugandamana yenye nikeli, isiyo na zinki wala shaba, na upake kidogo tu.

Ncha wazi

Hii ndiyo probu ya bei ya chini inayouzwa kwa tanuri na magari ya mashindano: waya mbili zimeunganishwa nje ya ala, hazina kifuniko. Inajibu haraka kuliko zote. Ukivuta mchanganyiko wa mafuta na hewa uwe mwepesi, geji inaifuata bila kuchelewa, na mtu anayeijaribu mara ya kwanza huipenda papo hapo.

Haidumu. Gesi ya ekzosi ya petroli ya ndege yenye risasi huila, na kromeli ikikaa kwenye gesi yenye oksijeni kidogo, hasa kati ya 800 na 1,050°C, hupoteza kromiamu yake. Volti hupungua polepole na usomaji hushuka bila kukatika. Hilo ndilo baya zaidi: probu iliyokufa kabisa inajitangaza, lakini hii inakuambia injini ina ubaridi kuliko ilivyo. Unaweza kuikamata kwa sumaku. Katika probu nzima ya aina K, alumeli hushikwa na sumaku na kromeli haishikwi. Ukiona waya chanya nayo inavutwa karibu na ncha, itupe.

Kati ya ncha iliyofungwa na kugusana na ala, na ile iliyofungwa bila kugusana, tofauti ni ya umeme zaidi kuliko ya joto. Ya kwanza hujibu haraka kidogo lakini inaunganisha waya na bodi ya injini. Ya pili inajitenga na bodi, nayo ndiyo dawa pale geji isipoweza kuvumilia probu zilizoungwa kwenye bodi. Soma karatasi ya geji kabla ya kununua. Si kila geji inakubali zote mbili.

Waya, na alama za chini kuliko zote

Seti nyingi zinastahili lawama hapa. Probu inatengenezwa vizuri, kisha inapewa mkia mfupi wa sentimita 15 na terminali nyembamba za kubana. Mkia mfupi unalazimisha kiunganishi kikae pale penye joto kali zaidi chini ya kava la injini. Tafuta probu yenye mkia mrefu wa kutosha kufikia mahali penye hewa, mbali na bomba na mbali na waya za plagi, hata kama inagharimu zaidi.

Waya ya kurefushia lazima iwe ya aina K mpaka kwenye terminali za geji. Mtu akiunganisha waya ya shaba ya kawaida kuanzia kwenye kiunganishi, geji haitalalamika. Itaonyesha namba inayoonekana ya kweli, na hiyo ndiyo hatari yake. Tuseme kiunganishi kina 80°C chini ya kava na geji ina 25°C. Usomaji utakuwa chini kwa takriban nyuzi 55, na kosa hilo litabadilika kadiri joto la chini ya kava linavyobadilika. Rubani ataona joto likipanda akiwa kwenye ngazi ya juu ya hewa baridi, kisha likishuka akitua, na atalaumu kabureta.

Kosa baya kuliko hilo ni kupindua waya mara mbili: umebadilisha chanya na hasi kwenye kiunganishi, ukabadilisha tena kwenye geji. Namba inapanda injini ikipata moto, kwa hiyo inaonekana sawa. Kwa mfano uleule wa 80 na 25, utakuwa umepotea kwa nyuzi 110. Ukipindua mara moja tu huna tatizo la kudanganyika, kwa sababu usomaji hushuka injini inapopata moto na kila mtu anaona kuna kasoro.

Rangi nazo huchanganya watu. Kwa mfumo wa Marekani aina K ni njano kwa chanya na nyekundu kwa hasi. Ndiyo, nyekundu ni hasi, na fundi wa umeme wa gari ataikosea mara ya kwanza. Kwa mfumo wa kimataifa ni kijani kwa chanya na nyeupe kwa hasi. Ukiwa na waya ambazo rangi zimeungua, rudi kwenye sumaku: inayovutwa ni alumeli, yaani hasi. Angalizo: kwa aina J mambo yamegeuka, kwa kuwa waya chanya ni ya chuma na ndiyo inayovutwa.

Gamba la waya lichaguliwe kwa mahali inapopita. Plastiki ya PVC inaishia karibu na 105°C na haifai kabisa mbele ya ukuta wa moto, yaani ukuta unaotenga injini na chumba cha rubani. Teflon huvumilia takriban 200 hadi 260°C kulingana na aina yake. Nyuzi za kioo zinafika mbali zaidi, ila zinachanika kwa kusuguliwa na hunyonya oili. Zivishe mkono wa silikoni kila zinapopita ukingo. Waya mbili zikisuguana hadi zigusane kabla ya kufika nchani, hapo panakuwa thamokapo mpya. Geji itasoma joto la mahali hapo, pengine 90°C, huku silinda ikiwa kwenye 750. Wengi huita hiyo probu iliyokufa. Probu haina kosa.

Terminali za kubana za shaba iliyopakwa bati haziharibu usomaji, ilimradi zote mbili za kiunganishi kimoja ziwe na joto sawa. Ndiyo maana ziwe ubavu kwa ubavu, ndani ya mpira mmoja wa kunywea kwa joto, si moja ikigusa bomba la oili na nyingine ikining'inia hewani. Kubana kufanywe kwa koleo la kubania lenye meno yanayolingana na terminali, kwani waya ya aina K ni ngumu kuliko ya shaba na hurudi nyuma ikibanwa kwa koleo la kawaida. Kulehemu kwa bati hakushiki vizuri kwenye kromeli bila dawa maalumu ya chuma cha pua, na mabaki ya dawa hiyo yanakula waya baadaye. Plagi ndogo za njano za aina K, zenye pini mbili zisizolingana upana, zinaondoa maswali yote haya. Zikifungwa kwa kamba dhidi ya mtikisiko, ni bora kuliko skrubu na nati.

Acha pia mzingo wa waya kati ya injini na ukuta wa moto. Injini hukaa juu ya raba, na inapozimwa hutikisika sana. Waya iliyonyooshwa itakatika palepale inapotoka kwenye ala, mahali pasipotengenezeka.

Ikianza kudanganya

Kabla ya kufungua chochote, angalia namna namba inavyosogea. Ncha ya probu ni chuma na ina uzito. Silinda ikizima kweli, joto lake huporomoka kwa mteremko laini wa sekunde kadhaa. Namba inayoruka nyuzi 200 kwa sekunde moja na kurudi haiwezi kuwa gesi. Ni waya. Mabano matupu au vistari mahali pa namba ni mzunguko uliokatika. Namba iliyotulia chini sana, karibu na joto la chini ya kava, ni waya zilizogusana.

Angalia pia ni ngapi zimesogea. Moja ikisumbua peke yake, tafuta kwenye njia ya silinda hiyo. Zote zikiruka kwa pamoja, acha probu kabisa na uende kwenye ethi ya geji, yaani njia yake ya kurudishia umeme kwenye bodi. Mtihani wake: ukiwa ardhini injini ikinguruma, washa taa ya kutua, kisha bonyeza redio kuzungumza, kisha zima alteneta. Namba zote zikisogea kwa hatua unapofanya hivyo, geji na injini hazina ethi moja, na probu zilizogusana na ala zimekuwa njia ya umeme uliokosa pa kupita. Funga waya nene ya ethi kutoka kwenye bodi ya injini hadi kwenye nukta ileile ya ethi ya geji, na usafishe rangi chini ya kila kichwa cha bolti.

Halafu njoo kwenye mtihani unaookoa muda kuliko mingine yote, na ambao karatasi za watengenezaji haziutaji mara nyingi inavyostahili. Chomoa waya za silinda yenye tatizo nyuma ya geji, na uunganishe terminali mbili kwa kipande kifupi cha waya yoyote, hata ya shaba. Geji nzima itaonyesha joto la terminali zake, yaani karibu na joto la chumba cha rubani. Ikionyesha hivyo, geji na chaneli hiyo ni nzima. Ikionyesha upuuzi, usiguse ekzosi, kwa sababu tatizo liko mikononi mwako hapo hapo.

Geji ikipita, badilisha probu mbili kwa kuhamisha waya kwenye viunganishi, si kwa kuhamisha probu kwenye mabomba. Silinda ya 2 isomwe na chaneli ya 3, na ya 3 isomwe na chaneli ya 2. Kosa likihama kwenda chaneli ya 3, liko kati ya kiunganishi na silinda: probu, au silinda yenyewe. Likibaki kwenye chaneli ya 2, liko kwenye waya ya kurefushia. Ndipo sasa unahamisha probu zenyewe; likifuata probu, probu ni mbovu, na likibaki kwenye silinda, anza kuamini geji yako.

Kwa mita ya umeme yenye kupima milivolti hadi sehemu ya kumi, probu hupimwa mezani. Kwanza ukinzani: probu nzima ina ohimu chache tu, na iliyokatika haina mwisho. Pima ukiitikisa mkia, hasa pale waya inapoingia kwenye ala, kwa maana ufa wa hapo huungana ukiwa umetulia na kuachana ukitikiswa. Kisha pima kati ya waya moja na ala. Kwa probu iliyogusana na ala utapata ohimu chache. Kwa isiyogusana usipate kitu, na ukipata kitu unyevu umeingia kwenye unga wa magnesia ulio ndani.

Baada ya hapo itie kwenye maji yanayochemka. Ncha za mita zikiwa kwenye chumba cha 25°C, tarajia milivolti 3.1. Kumbuka maji huchemka chini ya 100°C kadiri unavyopanda juu ya usawa wa bahari, takriban nyuzi moja kwa kila mita 300, kwa hiyo usiikatae probu nzima kwa ajili ya mlima. Ukitaka joto la kazi, choma ncha kwa moto wa gesi mpaka ianze kuwa nyekundu iliyofifia, na utegemee kitu kati ya milivolti 24 na 30. Probu inayopita kwenye maji na kufeli kwenye moto ina ufa unaofunguka ikipata joto. Kosa la namna hiyo huonekana tu baada ya dakika kadhaa za kuruka na hupotea mtu anapofika na vifaa vyake.

Kuhusu usahihi: probu ya daraja la pili inaruhusiwa kukosea kwa asilimia 0.75, ambayo kwa 800°C ni nyuzi 6 juu au chini. Silinda mbili zikitofautiana kwa nyuzi 20 au 30, usibadilishe probu kwa sababu hiyo. Umbali kutoka kwenye valvu, mgawanyo wa mafuta na umbo la bomba vinatosha kuleta tofauti hiyo, na probu huona gesi kwa sehemu tu ya mzunguko wa injini. Kinachosomwa ni wastani. Injini nyingi za Lycoming zisizo na tabochaja hazina hata kikomo cha EGT (joto la gesi ya ekzosi). Kinachotafutwa ni kilele na mabadiliko. Rotax ni tofauti: 912 ULS ina kikomo cha 880°C, na 582 ina 650°C pamoja na sharti la tofauti kati ya silinda zake mbili isizidi nyuzi 25. Kwa injini hizo namba yenyewe ina maana, na probu yenye shaka ibadilishwe.

Geji iliyowekewa aina isiyo sahihi hukamatwa kirahisi. Probu ya aina K kwenye chaneli iliyopangwa kuwa aina J itaonyesha takriban 530°C wakati gesi iko kwenye 700. Zote zikisoma chini kwa kiasi kikubwa namna hiyo tangu siku ya kwanza, fungua menyu kabla ya kufungua kava. Geji za zamani za sindano zisizotumia umeme wa ndege zina sharti jingine: ukinzani wa waya ni sehemu ya kipimo, kwa hiyo waya zake zisikatwe wala kurefushwa.

Pale sensa inaposema kweli

Mita haitakuambia hili, lakini joto la kichwa cha silinda litakuambia. EGT ikipanda huku joto la kichwa likishuka kidogo, plagi moja kati ya mbili imekufa. Moto unachelewa kumaliza kazi na gesi inatoka ikiwa bado ya moto. Thibitisha kwenye ukaguzi wa magneto, mitambo miwili inayozipa plagi cheche. Ukizima upande mmoja, EGT za silinda zote zinapaswa kupanda pamoja. Ile inayoporomoka peke yake ndiyo yenye plagi mbovu kwenye upande uliobaki umewashwa. EGT ikishuka pamoja na joto la kichwa na injini ikitetemeka, silinda haichomi. EGT ikishuka peke yake, joto la kichwa likiwa palepale na injini ikinguruma kama kawaida, rudi kwenye waya.

Namba iliyo juu kwa silinda moja injini ikizunguka polepole tu, kisha ikalingana na wenzake kwa nguvu kamili, ni hewa inayoingia kwenye bomba la kuvuta hewa: gasketi au mpira uliopasuka. Namba iliyo juu kwa nguvu kamili, mchanganyiko ukiwa mzito, huelekeza kwenye nozeli iliyoziba kidogo au jeti ya kabureta. Kwa injini ya mipigo miwili hilo halisubiri safari inayofuata. Mchanganyiko mwepesi huyeyusha pistoni kabla rubani hajamaliza kubishana na geji.

Ukiagiza seti ya probu nne, agiza tano, na mita kadhaa za waya ya aina K pamoja na plagi za ziada kutoka mahali pamoja. Probu ya tano ifungwe kwenye mfuko pamoja na kipande kidogo cha sumaku na kipande cha waya cha kuunganishia terminali, na mfuko ukae ndani ya ndege.